Moto Uliokula Udongo Nyuma ya Jiko la Mama

Kaka yangu mkubwa alikuwa mkulima wa simu. Kazi yake ilikuwa useremala katika soko la Gikomba, jijini, lakini kila Jumapili baada ya kanisa alikuja Kaloleni, kwenye nyumba ya kanjo, ya baraza la jiji, aliyotuachia baba, akaketi na kuamuru kwa simu nani apalilie na nani avune kule kijijini kwetu magharibi, anakoishi mama.

Ndiye aliyewalipa watu wachimbe mtaro wa kukausha kinamasi nyuma ya jiko la mama. Mafunjo yakafyekwa, ardhi nyeusi ikatokea, sukumawiki ikastawi kuliko ya jirani yeyote. Tulimsifu. Hata mimi nilimsifu.

Kisha mvua ikakosekana misimu miwili. Kaka akaagiza mabua yachomwe kabla ya kulima, kama ilivyo desturi. Moto ukaingia ardhini.

Nilisafiri kwenda kuona, kwa sababu mama alikuwa akikohoa kila nikimpigia. Sikukuta mwali hata mmoja. Moshi ulitoka kwenye nyufa, na kila palipofuka majirani walikuwa wamerundika udongo, wakidhani wanazima. Udongo wenyewe ulikuwa mafunjo yaliyooza majini miaka na miaka. Ukikauka, ni kuni. Walikuwa wakiulisha moto. Nilichomeka fimbo, ikazama hadi kiganjani, ikatoka ncha imeungua. Kutoka ufa wa mwisho uliofuka hadi ukuta wa jiko nilihesabu hatua kumi na nne, nikaandika kwenye daftari. Niliandika pia kwamba chemchemi bado ilitoa maji, ila mtaro uliyapeleka yote mtoni.

Jumapili iliyofuata, Kaloleni, nikamsomea kaka. Nikasema mtaro uzibwe, maji yarudi ardhini.

"Moto gani? Nimeambiwa umezimika."

"Na nani?"

"Na watu wanaoshika jembe. Wewe unashika kalamu."

"Nimetia fimbo, kaka. Imeungua."

"Kumbe siku hizi wewe ni zimamoto?"

Dada yetu, anayeishi katika nyumba ile, alicheka huku akimimina chai. Kaka akapata nguvu. "Wewe uliolewa. Nenda kazibe mitaro ya kwa bwana yako."

"Na nyumba ya mama ikiungua?"

"Atakuja kukaa hapa."

"Umemuuliza?"

Alipiga meza, chai ikamwagika. "Siulizwi maswali na msichana!"

Nina miaka arobaini na sita. Nilimpigia mama, nikaweka simu mezani kwa sauti ya juu. Kaka akamweleza kwa urefu: mboga, wateja, gharama ya kuchimba upya. Mama alimsikiliza, akikohoa.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mvua ikinyesha, sitapanda."

Dada akaweka birika chini. Kwetu, baba akishafariki, mama ndiye hufungua msimu. Asipotia mbegu yake kwanza, hakuna mwanawe anayethubutu kutia yake. Kaka alikuwa mzee wa kanisa, na mara nyingi nilimsikia akizicheka mila kama hizo.

"Mama, hayo ni mambo ya zamani."

"Basi panda," alisema mama, akakata simu.

Kaka alifuta chai kwenye suruali, akafuta tena mahali palipokwisha kukauka. Kisha akachukua kofia. Mlangoni akaniambia bila kunitazama, "Nitauziba. Lakini siku nikifa, usije kulia matangani kwangu."

Alisafiri Jumatano, akauziba kwa mikono yake. Maji yalirudi polepole. Mama alisema moshi uligeuka mvuke, ukanuka vibaya kwa siku kadhaa, halafu ukakoma zikiwa zimebaki hatua sita kufika ukuta wa jiko. Bado analala nyumbani kwake.

Picha za mtaro uliozibwa kaka alimtumia dada. Niliziona kwenye simu yake, nikampigia kaka kumshukuru. Simu iliita mpaka ikakatika. Nilimpigia tena Ijumaa, na Jumapili hakuja Kaloleni.