Subiri-Jua na Sare za Wauguzi

Mdogo wangu ana kamera. Naanza na hapo kwa sababu naye huanza na hapo. Umsalimie, umuulize habari za kazini, umpe pole ya mafua, yeye atakwambia mwanga wa leo haufai. Ni karani wa vifurushi kwenye ofisi ya mabasi. Kazi yake ni kupima mzigo, kuandika jina la mpokeaji na kugonga muhuri, na kwa miaka tisa aliifanya bila kumsumbua mtu. Kisha akanunua kamera kwa jamaa mmoja aliyekuwa anahama, na amani ikatutoka.

Mimi ni dada yake wa tumbo moja. Nisipomsema mimi atasemwa na watu wa nje, na hao hawatamhurumia.

Kujifunza alijifunza, sikatai. Alijifunzia kwenye simu, amelala chali kwenye kochi, akitazama video za mabwana wenye ndevu zilizochanwa vizuri wanaoeleza jinsi anayeanza leo atakavyokuwa bingwa kesho kutwa. Mwezi wa kwanza wakamwambia mtu asiwekwe katikati ya picha. Basi tukaanza kukatwakatwa. Picha ya mama yetu aliitundika sebuleni: mama yuko pembeni kabisa, sikio moja halimo, na sehemu yote iliyobaki ni ukuta mtupu.

"Dada, hiyo ni nafasi ya macho kupumua," akanieleza.

Mama alipoiona aliuliza kama kuna mtu alitakiwa asimame pale akachelewa.

Mwezi wa pili akajifunza kutia ukungu kwa nyuma, na tangu hapo kila kilichokuwa nyuma ya kitu kikapotea. Alipiga ua, nyumba ikapotea. Alipiga kikombe, aliyekishika akapotea. Mwezi wa tatu ndiyo akaambiwa jua la mchana ni adui, mpiga picha wa kweli hupiga asubuhi au jioni. Toba! Akawa anatupanga uani ukoo mzima, watoto wanalia, wazee miguu inawawaka, yeye kajikunja nyuma ya ile stendi ya miguu mitatu: "Subirini jua! Subirini jua lishuke!" Mtaa ukampa jina la Subiri-Jua. Mwenye akili zake angenuna. Yeye aliliandika kwenye begi la kamera kwa wino mweupe.

Kitu kimoja alikuwa hataki hata kukisikia, nacho ni picha ya kawaida. Mtu kasimama, anaonekana, basi. Hiyo aliiita picha ya kitambulisho, na alivyolitamka neno hilo ungedhani anataja ugonjwa wa ngozi.

Sasa mkewe. Wifi yangu ni fundi cherehani, anafanyia kazi chumba cha mbele, mashine yake iko chini ya dirisha. Hana maneno mengi. Shati lake ukiligeuza, unaweza kulivaa ndani nje na usistukiwe. Lakini kwa miaka kumi na miwili kazi zilizomjia ni kufupisha suruali na kubadilisha zipu za watu walionenepa na kukataa kukubali. Alichokitaka ni kazi moja kubwa, ya kushona kitu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, watu wakakiona na kuuliza nani kashona.

Hospitali moja binafsi ikatangaza inatafuta fundi wa kushona sare za wauguzi wake wote, na akiwaridhisha aendelee nao kila mwaka. Mkuu wa wauguzi, mama mmoja asiyependa mchezo, alitoa sharti. Mafundi ni wengi, hataki foleni ya watu na mafurushi mlangoni kwake, kwa hiyo kila fundi atume kwa simu picha sita za sare alizoshona, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Hao ambao kazi yao itaonekana nzuri ndio wataitwa.

Wifi akashona sare mbili za mfano, gauni moja na suti moja ya shati na suruali. Siku moja nilimkuta anafumua kola iliyokuwa sawa kabisa.

"Wifi, hiyo nayo ina kosa gani?"

"Imezidi upande huu."

Nilitumbua macho, sikuona kitu.

"Wifi, nikiipata hii," akasema bila kuinua uso, "naweka mashine ya pili hapo, natafuta msaidizi." Akacheka kidogo, akaendelea kufumua. Roho yake yote ilikuwa kwenye zile nguo.

Nikatoa simu yangu. "Hebu zitundike hapo mlangoni, mbele, nyuma, na mshono wa ndani. Nikupigie sasa hivi tumalize."

Ndipo mwenye kamera akatokea chumbani kama kaitwa. "Dada! Mke wa mpiga picha apigiwe kazi yake kwa simu? Watu watanionaje?"

"Nani kakutaja wewe hapa?"

"Hii ni kazi ya kitaalamu. Niachieni."

Wifi akanitazama, akamtazama mumewe. "Mwache tu, wifi. Amejifunza sana," akasema. Nami nikairudisha simu mfukoni. Hilo najilaumu mpaka leo, maana mdomo ninao, tena mkubwa, na siku yenyewe ya kuutumia ndiyo nikaufunga.

Alhamisi bwana mkubwa akaomba ruhusa kazini. Asubuhi kulikuwa na wingu, akasema ngoja. Wingu likaondoka, akasema sasa jua limepanda mno, ngoja. Mchana kutwa zile sare zimening'inia pale dirishani, zinaonekana mpaka uzi, yeye anakunywa chai na kufuta lenzi kwa kitambaa. Saa kumi na moja jioni akaruka kama kachomwa sindano, akaanza kazi. Alilala sakafuni. Alipanda kiti. Alimwambia mkewe ashike shati, aliache, alishike tena kwa huzuni kidogo. Alipiga picha mia tatu na kitu mpaka giza lilipomfukuza.

Ijumaa asubuhi yote akawa anachagua picha. Wifi alikuwa na wateja, kila akiuliza anaambiwa atulie. Saa tano na dakika hamsini akapaza sauti kutoka chumbani: "Nimetuma!" Wifi akashusha pumzi, akaendelea kupima kiuno cha mtu.

Mimi nilipita mchana, nikaomba kuziona. Jamani. Ya kwanza ilikuwa kifungo kimoja, kikubwa kama sahani, na nyuma yake ukungu. Ya pili gauni dirishani, jua likiwa nyuma yake, limekuwa jeusi tii, hujui ni gauni au ni gunia. Ya tatu vidole vya wifi na sindano. Ya nne ukuta, na kwenye kona ya chini mkono wa shati unachungulia. Ya tano futi ya kupimia imejikunja mezani. Ya sita, aliyoipenda kuliko zote, kivuli cha suruali sakafuni.

"Sare ziko wapi?" nikamuuliza.

"Dada, picha haisemi kila kitu. Inamwachia mtazamaji afikirie."

"Afikirie mshono? Mkuu wa wauguzi akae ofisini afikirie mshono?"

Akanionea huruma, haki ya Mungu, alinitazama kwa huruma kabisa. Wifi alizipitia zote sita mara mbili. Kisha akatazama saa. Ilikuwa saa nane, muda wa kutuma umeshapita.

Jibu lilikuja Jumanne, kwenye simu ya wifi. Nimelisoma kwa macho yangu: "Asante kwa picha. Ni nzuri sana, ila hatukuweza kuona nguo. Tumeshampata fundi. Tunaomba namba ya mpiga picha wenu, tunataka kuwapiga picha wauguzi wakishapata sare mpya." Wifi alimpa mumewe simu asome. Unajua alisoma nini? Alisoma "ni nzuri sana" na "mpiga picha wenu." Alizunguka chumba kwa furaha, akampigia simu mpaka mwenzake wa kugonga muhuri, halafu ndiyo akakumbuka kumpa mkewe pole.

Na alikwenda. Wiki tano baadaye alikwenda na begi lake, akarudi alasiri. Nilikuwepo, namsaidia wifi kukunja vitambaa. Akatuwekea kamera mezani. Sikuamini. Wauguzi wamesimama mstari mmoja, wameitazama kamera, mchana kweupe, kila mtu mzima mzima na viatu vyake. Nguo zinaonekana kifungo kwa kifungo.

"Yule mama hataki maelezo," akasema, anacheka. "Kasema nisilale sakafuni, anataka nguo isomeke. Ikabidi nipige hivyo hivyo."

Wifi akaishika kamera, akaikuza picha, akawapitia wauguzi mmoja mmoja. "Kola imepinda," akasema. "Na huyu pia. Mifuko haiko usawa. Huyu fundi mikono ya nguo kaivuta." Kisha akauliza, "Ulitumia muda gani?"

"Aa, nusu saa tu."

"Nusu saa," wifi akasema, na machozi yakamtoka. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata siku ile ya ujumbe hakulia. Mdogo wangu kicheko kikamkauka mdomoni. Aliitazama ile picha, akamtazama mkewe, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliona alichokifanya.

"Zako nilitaka ziwe nzuri kuliko hizi," akasema polepole.

Alikuwa anasema kweli, namjua. Nilikuwa na matusi ya wiki tano yananisubiri kooni, na sikupata hata moja la kumtukana nalo.