Walimfukuza Mwenye Duka la Vitambaa, Kisha Wakamsifu

Wasomaji wangu wa kila wiki mniwie radhi, leo naandika nikiwa na hasira. Jumatatu ya wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Bungoma nikaambiwa kwamba mama aliyekuwa na duka la vitambaa hapa Kitale amefariki ghafla, moyo umesimama akiwa kazini. Siku hiyo nililia. Hasira ilikuja Jumamosi, kwenye mazishi, nilipoona ni akina nani waliosimama kumsifu.

Wengi wenu mlinunua vitambaa vya sare za watoto kwake. Wachache mnajua kilichokuwa kikifanyika pale kila Alhamisi saa kumi na moja jioni. Alikuwa akisitisha mauzo, anasukuma marobota ukutani, anapanga mabenchi aliyoazima kanisani, na wanawake wa biashara wanaingia: fundi wa nguo kutoka Tuwan, mfugaji wa kuku kutoka miteremko ya Mlima Elgon, mwenye saluni, muuza viatu vya mitumba. Kila mmoja alisimama akasema anauza nini na amekwama wapi. Hakukuwa na mgeni rasmi wala hotuba. Siku moja mkulima kutoka Naitiri alisema, machozi yakimlenga, "Mimi niko na vitunguu shamba mzima, na madalali wananiambia ati soko imejaa." Kwenye benchi la nyuma alikuwapo mama aliyepikia shule moja ya bweni huko Bungoma. "Si uniletee mimi?" akamjibu. "Kila wiki natafuta vitunguu." Mwenye duka akawasimamisha wote wawili katikati. "Hamtoki hapa kabla hamjapatana siku ya kupeleka," akasema. Mpaka leo vitunguu vya Naitiri vinaliwa na wanafunzi wale, na dalali hana habari.

Haya nimesimuliwa na mkulima mwenyewe, kwa sababu mimi sikuwahi kukanyaga pale. Nilichokuwa nikisikia ni maneno ya wanaume wenzangu hotelini tukinywa chai, kwamba duka lile linawafundisha wake za watu kiburi. Nikayachukua maneno hayo nikayaandika katika safu hii hii, kwa mzaha, nikaziita jioni zile bunge la sketi. Watu walicheka sana. Siku mbili baadaye mama yule aliingia ofisini kwangu, gazeti amelikunja mkononi.

"Mwandishi, wewe ulikuja Alhamisi gani?"

"Sijafika."

"Basi haya uliyaona wapi?"

Nilimwahidi kwamba nitaandika kusahihisha. Sikuandika. Muda si mrefu mwenye nyumba akampelekea notisi ya kuhama, na ndani ya bahasha akatia kipande cha safu yangu, akidai kwamba yeye alikodisha chumba cha kuuzia vitambaa, si cha siasa za wanawake. Mwenyekiti wa wafanyabiashara, ambaye angeweza kumtetea, alimwambia aachane na mikutano hiyo ili mambo yapoe. Alikataa. Akahamia Bungoma, katika chumba nusu ya kile cha kwanza, akaanza kutafuta wateja upya akiwa na miaka hamsini na kitu. Alhamisi ya kwanza walifika wanawake wanne. Mwaka uliofuata wengine walikuwa wakikaa nje barazani kwa kukosa nafasi.

Sasa Jumamosi, mbele ya jeneza, mwenye nyumba yule yule alishika kipaza sauti akamwita nguzo ya maendeleo. Mwenyekiti naye akatangaza kwamba atazungumza kwa niaba ya akina mama, kwa kuwa muda umekwisha. Muda! Wanaume tisa walikuwa wameshazungumza. Mkulima wa Naitiri akasimama bila kuitwa, akakichukua kipaza sauti mkononi mwa mwenyekiti.

"Mimi siongei mingi. Huyu mama alitolewa kwa duka yake na hawa watu wamekaa hapa mbele. Msimsifu kabla hamjasema pole."

Kipaza sauti kikazimwa. Akaendelea kwa sauti yake mwenyewe, na wanawake waliokuwa nyuma wakasimama mmoja mmoja mpaka upande wote wa hema ukawa umesimama. Mwenye nyumba aliinamisha kichwa. Mimi pia niliinamisha, maana nami nilikuwa nimekaa mbele.

Baada ya mazishi nilimfuata mkulima yule kumwomba msamaha.

"Mimi hukunikosea," akasema. "Yule ulimkosea tumemzika. Sasa unataka nikufanyie nini?"

Nimelibeba swali hilo wiki nzima. Katika mji huu wako wanawake wengine wanaofanya mambo makubwa katika vyumba vidogo, na hotelini tayari kuna meza inayowacheka. Ukimchafua mtu hadharani, msafishe hadharani angali hai, siku ile ile ulipojua kwamba umekosea. Ukingoja mazishi, utakayekuwa unamsafisha ni wewe mwenyewe.