Keraryo na Njiwa wa Ghalani

Ukitaka kumuudhi Keraryo, mwambie kufukuza njiwa ni kazi ya watoto. Atakutazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha atakuuliza kama umewahi kula ugali wa unga uliochanganyika na kinyesi cha ndege. Yeye aliajiriwa kwa kazi hiyo, mtu mzima na ndevu zake, katika ghala kubwa la nafaka karibu na gati la Musoma, na hakuiona aibu. Miaka ile madukani hapakuwa na sabuni wala sukari. Mwenye ajira, hata ya kupambana na ndege, alipita mtaani kifua mbele.

Njiwa walilipenda ghala lile. Waliingia kwa matundu ya hewa yaliyokuwa chini ya paa, wakalala kwenye kenchi, wakataga, wakachafua magunia. Kabla ya Keraryo, walinzi waliwarushia mawe, na walichoambulia ni mabati kutoboka. Waya wa kuzibia hukuupata hata kwa dawa. Keraryo akaenda Murangi kwa mvuvi mmoja aitwaye Masatu, akaomba nyavu kuukuu ambazo samaki walikuwa wameshazizoea. Akaziosha shombo, akazitanda mbilimbili kwenye matundu. Lakini hakukurupuka. Alingoja asubuhi njiwa watoke kwenda kutafuta chakula, akapanda ngazi kukagua viota, na palipokuwa na makinda aliliacha tundu wazi mpaka yaruke, maana ndege akifia ndani, harufu yake utaijutia. Walinzi walicheka, wakasema mwenzao anavua njiwa nchi kavu. Baada ya muda hewa ilipita na njiwa hawakupita, na wachekaji wakatafuta jambo jingine la kuchekea.

Kazi hiyo alitafutiwa na Boniphace, mtunza ghala, mwenye funguo. Wote wawili walizaliwa Butiama, nyumba za baba zao zikitenganishwa na shamba la mihogo, na walitahiriwa msimu mmoja. Kwa watu wa kule hilo si jambo dogo. Rika lako ni zaidi ya ndugu: mnakula sahani moja, humnyimi ulicho nacho, na kubwa kuliko yote, humwaniki mbele ya watu wa nje. Mkikoseana, mtaambizana nyumbani. Keraryo aliishika desturi hiyo kama alivyoushika ubatizo wake, na haikumpitia akilini kwamba mwenzake anaweza kuwa ameshaiachia.

Mwaka ule wa njaa ghala lilijaa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, yakingoja kugawiwa vijijini. Siku moja Boniphace alimwita pembeni, akamwambia mahindi yanatoa jasho, hewa haitoshi, hivyo aondoe nyavu zote za upande wa ziwani kwa muda. Keraryo alisita. Alimweleza kwamba wavu hauzuii upepo, na kwamba njiwa akiona upenyo hangoji kukaribishwa.

"Rika, wewe unajua ndege, mimi najua mahindi," Boniphace akamjibu. "Toa tu. Lawama nitabeba mimi."

Akatoa. Ungekuwa wewe ungemkatalia? Njiwa walirudi kundi zima, wakazishika kenchi zao za zamani. Keraryo aliwatazama akiumia, na kila alipouliza kama nyavu zirudishwe aliambiwa asubiri kidogo.

Kusubiri huko kulimfikisha mbele ya kamati. Wakubwa wa kamati hiyo walikuja kukagua, wakakuta marundo ya magunia yamepungua vibaya. Boniphace hakubabaika. Aliwaonyesha njiwa waliojipanga juu, akawaonyesha kinyesi na punje zilizotapakaa sakafuni, akasema hasara yote imeletwa na ndege. Halafu akaweka mkono begani kwa Keraryo, taratibu, kama anayefariji mfiwa.

"Huyu ni mtu wa kwetu, nimemvumilia sana," akasema. "Lakini ukweli lazima usemwe. Kazi imemshinda."

Keraryo alimtazama, akangoja. Aliamini kuna sentensi nyingine inakuja, ile ya nyavu. Haikuja. Jamani, njiwa hula mahindi, sawa, lakini ni lini njiwa amekula na gunia lake? Kama ndege ndio waliokula, magunia matupu yalikuwa wapi? Swali hilo alikuwa nalo, na lingetosha kumwokoa. Lakini wale walikuwa watu wa nje, na aliyesimama mbele yao alikuwa rika lake. Mwenyekiti wa kamati alipomuuliza kama ana la kusema, alisema hana. Akaachishwa kazi palepale, na maumivu yake yalizidi ya kisu cha tohara.

Alirudi Butiama kwa mkewe Selestina na wanawe, akawaambia kazi imeisha, basi. Siku zile serikali ilikuwa imeanza kulegeza, wenye fedha zao wakaruhusiwa kuleta bidhaa, na watu waliokuwa wameficha mali zao wakaanza kujenga. Keraryo akasikia kwamba Bunda kuna mfanyabiashara amejenga nyumba ya wageni na njiwa wamelivamia paa kabla ya wageni wenyewe. Akaenda, akajieleza. Yule bwana alimsikiliza mpaka alipotaja jina lake, kisha akacheka akishika tumbo.

"Si wewe ndiye njiwa walikushindaga kule Musoma?"

Njiwa hawakuwahi kumshinda hata siku moja. Lakini jina, ambalo ndilo pekee alilokuwa nalo la kuombea kazi, lilikuwa limemtangulia Bunda likiwa limechafuka. Alirudi nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia, hasira na aibu zikipokezana.

Nyumbani alikuta furaha. Boniphace alikuwa ametuma gunia la mahindi, na Selestina hakuacha kumsifu. Alisema watu wengine ukikosa kazi wanakusahauga, lakini huyu ni mtu. Keraryo akalifungua, akatia mkono. Yalikuwa ya njano. Butiama nzima yanga ilikuwa haijagawiwa hata kisonzo kimoja cha kupimia. Hapo ndipo alipoelewa yote. Hakuambiwa atoe nyavu kwa ajili ya hewa. Aliambiwa atoe ili njiwa waingie, wapate kusingiziwa, na yeye pamoja nao. Alitamani kulimwaga gunia lile barabarani. Lakini watoto walikuwa wameshinda na uji mwepesi, nao hawakuwa na kosa. Akawaacha wayale, yeye akala viazi.

Jumapili, baada ya misa, Boniphace alikuja mwenyewe, shati jipya mwilini, akakaa kama mwenye nyumba. Selestina akasonga ugali wa ule unga wa njano, akauweka na sato kwenye sahani moja kama desturi inavyotaka, akaleta maji. Boniphace akanawa. Keraryo hakunyoosha mikono. Selestina alibaki ameinamisha jagi, haelewi, kwa sababu kumwacha rika lako ale peke yake ni kumwambia undugu wenu umekwisha.

"Nawa tule, rika," Boniphace akasema.

"Mbele ya kamati nilikungojaga useme," Keraryo akamjibu. "Hata sasa nakungoja. Hapa hakuna mtu wa nje. Sema nani alinituma nitoe zile nyavu."

Boniphace alimtazama Selestina, akatazama mlango, akatazama ugali. Pamoja na yote, Keraryo bado alikuwa na tumaini. Mwenzake angetamka neno moja tu, hata kwa kunong'ona, hata kwa kuzungukazunguka, yeye angenawa, wangekula, na huko Musoma na Bunda watu wangeendelea kusema wanachotaka.

Boniphace akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi, akala. Akamega jingine. Alikula peke yake, bila haraka, mpaka sahani ikaisha, akamshukuru Selestina kwa mapishi mazuri, akaenda zake.