Mchochea Moto wa Tramu za Santiago

Mtambo wa umeme ulijengwa kando ya bandari ili tramu za Santiago ziweze kupanda vilima vyetu. Aliyechochea moto wa boila yake, tangu enzi za makaa ya mawe hadi mafuta yalipokuja, ni jirani yangu Evaristo Limonta. Na miaka yote hiyo hakupanda tramu hata mara moja. Angepandaje? Alfajiri tramu hazitembei mpaka yeye afike awashe moto, na usiku anapouzima, zimeshalala. Akaenda kwa miguu, akarudi kwa miguu, na boila haina Jumapili. Tramu alizijua kwa mshale wa mita ya umeme mtamboni tu: mvua ikinyesha, watu wakijazana, mshale unapanda. Jambo hilo liliniudhi mimi kuliko yeye.

Ikatangazwa kwamba tramu zinaondolewa, yanakuja mabasi. Mkewe, Eulogia, akasema safari hii hakubali mumewe akose kupanda. Siku ya mwisho Evaristo akaomba ruhusa, akamwachia moto mwenzake Nilo, akavaa shati jeupe na kofia mpya. Tukapanda sote watatu, yeye dirishani, anatabasamu peke yake.

Katikati ya mlima tramu ikazima.

"Wavivu wa mtamboni hao!" abiria mmoja akafoka. "Mpaka leo wamelala!"

Evaristo akageuka amjibu, akamwona Nilo kiti cha nyuma.

"Wewe! Moto umemwachia nani?"

"Rufino, kaka."

"Rufino niko hapa!" ikajibu sauti mlangoni, mtu ananing'inia. "Nani ataikosa tramu ya mwisho? Kesho si wanafunga, mzee? Kaa utulie."

Nilitamani kumzaba kibao. Evaristo akaivua kofia, akaiweka kitini.

"Eulogia, nishikie nafasi."

"Kaa chini, Evaristo! Umewasukuma maisha yako yote. Leo wasukume wenyewe!"

"Sitaki waseme tuliwaacha mlimani."

Akashuka, akateremka mbio na shati lake jeupe.

Tulingoja, jua linatuchoma, Eulogia ameishikilia kofia pale kitini. Mwishowe taa zikawaka, tramu ikashtuka, ikapanda. Watu wakashangilia na kuimba, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyeuwasha moto. Mimi nililia kwa hasira.

Aliporudi nyumbani, kwa miguu kama kawaida, shati lilikuwa jeusi tii.

"Mshale ulipanda, niliuona," akasema. "Ilikuwaje kule juu?"

Eulogia akamtupia kofia.

"Iulize hiyo. Ndiyo iliyofika."