Waliponiuliza Habari ya Hijabu

Nilizaliwa Butiama, kwenye nyumba ya Wakatoliki, nikaolewa Musoma na Mwislamu aliyekuwa anauza dagaa pale Mwigobero. Kusilimu nilisilimu kwa kupenda mwenyewe, tukiwa tumeshazoeana, na hijabu niliianza taratibu, kwanza siku za Ijumaa, baadaye hata sokoni. Mume wangu hakuwahi kunisemesha juu ya hilo. Alipofariki, niliendelea na meza yake ya dagaa pale sokoni.

Baadaye baba naye akafariki. Kaka zangu wakagawana shamba, mimi wakanipa mbuzi.

"Wewe uliolewa," alisema kaka mkubwa. "Huku hamna fungu lako."

Ndiyo maana nilipoalikwa kwenye semina ya haki za wanawake pale mjini, nilifunga meza mapema nikaenda. Mwezeshaji alikuwa mama wa Kizungu, mpole, aliyetusalimia wote kwa mkono. Mwalimu wa sekondari ndiye alikuwa anamtafsiria. Nilikaa mbele.

"Mama, ni mumeo anayekulazimisha kujifunika?" aliniuliza.

"Mume wangu alishafariki."

Alinipa pole. Kisha akasema maneno ambayo mwalimu alisita kidogo kabla ya kuyatafsiri.

"Anauliza, sasa kama hayupo, kwa nini usiivue?"

Wenzangu waligeuka kunitazama. Nikamjibu kwamba hijabu hainisumbui, kinachonisumbua ni shamba la baba. Kaka zangu wameninyima.

"Ni dini yenu inayowaruhusu?"

"Kaka zangu ni Wakatoliki, mmoja anaimba kwaya. Dini yangu ingenipa nusu ya fungu la kaka. Wao wamenipa mbuzi."

Ukumbi ukacheka. Yule mama aliandika kitu, akanishika bega kwa huruma, akahamia kwa mwingine. Shamba halikutajwa tena. Baadaye aliomba kunipiga picha, nikakubali.

Wakati wa chai alinifuata mama mmoja mkulima wa pamba kutoka Bunda.

"Mimi pia walinifanyiaga hivyohivyo," alisema. "Usiende kwa kaka zako peke yako. Nenda baraza la kata, na shangazi yako awepo."

Shangazi alikubali, akaja na rozari yake shingoni. Kaka zangu walizungumza sana pale barazani, mila, ukoo, ndoa yangu. Aliwaacha wamalize, akawauliza, "Baba yenu alipougua, nani alikuwa anamwogesha?"

Kisha akaninyooshea kidole mimi. Wazee wa baraza waliwasihi, na mwisho nikapewa upande wa juu, penye mawe. Nimepanda mihogo, inakubali.

Kaka mkubwa mpaka leo ananisalimia akiwa ameangalia pembeni. Mke wake huja kunisaidia kupalilia. Yeye naye kafiwa na baba, na kaka zake wameshaanza kupima mipaka. Juzi, tukiwa shambani, wifi aliinamisha kichwa kama anang'oa magugu, akaniuliza kwa sauti ya chini baraza linakaaga siku gani.