Jezi Isiyofuliwa

Jang'ombe nzima ilikuwa ikijua kwamba Tabia binti Hamid ana kinyaa. Si kinyaa cha maringo, la, ni kinyaa cha kuzaliwa nacho. Akialikwa harusini huenda na kikombe chake ndani ya mkoba. Akikaa kwenye sinia la pilau hujitengea pembe yake, na ole wake mkono utakaovuka mpaka. Mamake, Bi Amne, alikuwa akiapa kwamba mtoto huyu hata titi alilinusa kwanza ndipo akanyonya.

Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka kwenye nyumba moja ya wageni, Mji Mkongwe. Watu wakishangaa: mwenye kinyaa na mashuka ya watalii wapi na wapi? Na mashuka yale, msiulize yana nini. Yeye akijibu, "Mtu asiyeuona uchafu atautoaje?" Akilishika shuka kwa ncha za vidole, uso kaukunja, na shuka likitoka mikononi mwake utadhani halijalaliwa tangu lifumwe.

Basi mtu huyo, hebu nipeni masikio, ndiye aliyekuwa golikipa. Golikipa! Si winga, akakimbia pembeni na nguo zake safi. Golikipa, kazi yake kuanguka. Na akianguka wapi? Kwenye kiwanja cha vumbi cha Jang'ombe, ambacho mbuzi hukipitia asubuhi na kuacha salamu zao. Akirudi nyumbani hukoga mpaka pipa likaonesha tako, na Bi Amne akilalama kwamba maji hayatoki mbinguni. Kesho yake anakwenda tena. Alipokuwa mdogo kaka zake walimweka langoni kwa kukosa mtu, mpira ukamjia, akaudaka, na tangu hapo ikawa basi. Duniani hakuna kitu kichafu alichokikumbatia kwa hiari yake isipokuwa mpira.

Wasichana wa kiwanja kile walikuwa kundi dogo. Walicheza na suruali ndefu na mitandio imefungwa barabara kichwani, na bado haikutosha. Wanaume wazima walijipanga pembeni na kuwatemea mate ya tambuu. "Laana hiyo! Hamna waume wa kuwapikia?" Walitema hapo hapo mstarini, mahali ambapo golikipa hana budi kupita. Mwanakheir, mfungaji wao, muuza urojo mwenye mdomo mkali kuliko pilipili yake, alikuwa akiwajibu. Tabia akiyaruka yale mate, anakwenda zake langoni.

Mwaka wa tisini na nne ikaja habari. Timu ya wanawake kutoka Bara itavuka kuja kucheza Unguja, na hawa wasichana wa Mwalimu Silima, aliyekuwa akiwafundisha jioni baada ya skuli, ndio watakaocheza nayo. Na si kwa jina la Jang'ombe. Kwa jina la Zanzibar.

Tabia alikuwa anakaribia thalathini. Ilikwisha kuja posa ya Shaame, fundi seremala, mtu mzuri, lakini na sharti lake: mke wake hachezi mpira. Bi Amne alimkalisha mwanawe chini akamwambia, "Vaa hiyo jezi ya nchi mara moja, mama, kinyongo kikutoke. Kisha njoo uolewe na mimi nipumzike." Tabia akakubali. Mechi moja tu, avae jezi ya Zanzibar, kisha aitundike. Hakuomba zaidi ya hapo.

Wiki moja kabla akaja Bwana Masoud. Huyu alikuwa mmoja wa wakubwa wa mpira wakati ule, mwenye gari na tumbo la kutangulia. Aliegesha kiwanjani, akafungua boksi, na ndani mlikuwa na jezi mpya, kila moja ndani ya nailoni yake. "Hizi ndizo zenu," akasema. Wasichana walipiga vigelegele kama wametolewa mahari. Tabia akaichukua namba moja, akaipeleka puani. Ilinukia upya, kitambaa ambacho hakijagusa kwapa la mtu. Akacheka peke yake. Bwana Masoud akazirudisha ndani ya boksi, akasema atazihifadhi mpaka siku yenyewe.

Siku yenyewe ikafika. Mechi ilikuwa Mnazi Mmoja, na wasichana walipewa darasa la skuli ya jirani wabadilishe nguo. Mwanakheir alikuja na chetezo, makaa na udi wa mamake. Ati jezi mpya sharti zifukizwe kama nguo za harusi, wageni kutoka Bara wajue wamefika kwa watu. Makaa yakapepewa yakashika. Wakangoja.

Bwana Masoud akaingia na gunia.

Harufu ilitangulia kabla ya gunia kufunguliwa. Zilikuwa jezi za timu ya wanaume, zimetoka mazoezini jana, zimelala mbichi humo ndani usiku kucha. Astaghfirullah! Ilikuwa harufu ya kwapa, ya soksi, ya samaki aliyesahauliwa. Akazimwaga juu ya deski la mwalimu.

"Zile mpya ziko wapi?" Tabia akauliza.

"Zile mpya wamezichukua vijana. Wameondoka na boti ya asubuhi kwenda kucheza Dar. Timu ya wanaume itakwenda ugenini na matambara? Nyinyi mnacheza hapa hapa nyumbani, nani atakuoneni?"

"Bwana Masoud, hizi hazikufuliwa."

"Mnataka mgeni rasmi angoje mfue, muanike, mpige pasi?" Akatazama saa yake. "Kama hamzitaki semeni tu. Nitakwenda kumwambia wanawake wenyewe wamekataa kucheza."

Na alipolisema hilo, mwanahizaya yule alikuwa karibu atabasamu. Wote walimwelewa. Walikuwapo watu waliokuwa wakilingojea neno hilo siku nyingi: wanawake wenyewe wamekataa. Likishasemwa mbele ya mgeni rasmi halifutiki. Akatoka, akawaachia gunia lao.

Tabia aliinua namba moja kwa ncha za vidole. Kolani palikuwa na weusi wa shingo ya mtu. Kwapani chumvi imeganda nyeupe. Na tumboni, Mtume!, mtu alikuwa kapenga makamasi, yamekauka yakang'ara. Mwanakheir akasema haidhuru, udi upo, na wakazipitisha juu ya chetezo moja moja. Hilo ndilo kosa lenyewe, na ni kosa letu sisi, tunaodhani moshi wa udi unafuta kila kitu. Udi haufuti jasho, unalipanda mgongoni tu. Darasa zima likanuka beberu aliyetiwa manukato.

Tabia akatoka nje mbio, akatapika chini ya mti wa mkungu. Akasukutua, akainama hapo, mikono magotini. Angeweza kwenda zake. Nyumba ya mamake haikuwa mbali, na pipa la maji lilikuwa limejaa. Lakini akifumba macho aliliona tabasamu lile, na moyo wake ulichafuka kuliko tumbo.

Aliporudi wenzake walikuwa wamesimama kila mtu na jezi yake mkononi, hakuna aliyevaa. Walikuwa wanamngoja yeye. Wenye kinyaa cha kawaida wanamtazama mwenye kinyaa chake.

"Bismillahi," akasema, akaitia kichwani.

Ilikuwa mbichi. Ilimgandama mgongoni, baridi, na kola ikampita mdomoni, na aliufunga mdomo asiionje. Kisha akawageukia. "Vaeni. Tumepita kwenye mate yao miaka yote, jasho litatuua?"

Wakavaa. Mwalimu Silima, aliyekuwa mlangoni, aligeuza uso ukutani, na nadhani alikuwa analia, maana aliona haya kwa niaba ya wanaume wenzake.

Uwanjani watu waliinusa timu kabla hawajaiona vizuri. "Maharusi hao! Udi huo! Bwana harusi yuko wapi?" Wakacheka mpaka wakashikana. Tabia akapita mbele yao na jezi inayomfika mapajani, akaenda langoni, na kila alipoinua mikono ule uvundo ulimpanda puani. Wa Bara walikuwa wazuri, wana pumzi, wana mashuti. Alianguka kulia, akaanguka kushoto. Akasimama tena. Mwanakheir akafunga bao kipindi cha kwanza, na wale waliokuwa wakicheka wakaanza kutulia. Kipindi cha pili Tabia aliupangua mpira ambao mpaka leo wazee wa Jang'ombe wakiusimulia husimama kwenye viti. Na wakati mechi ikikaribia mwisho, aliinusa tena ile jezi, akagutuka. Harufu ilikuwa imebadilika. Ilikuwa yake yeye. Lile jasho la mtu asiyemjua lilikuwa limefunikwa na lake. Refa akapuliza kipenga, Zanzibar moja, wageni hawana kitu.

Chini ya turubali sambusa na soda zikaliwa na waliokaa kivulini. Bwana Masoud akatoa hotuba, na wasichana waliokuwa darasani wanavua jezi na kujivisha mabuibui wakaisikia kwa spika. "Sisi ndio tuliowalea mabinti hawa. Tumewapa kila kitu."

Alipomaliza akaja darasani. Mlangoni akasimama ghafla, akatoa leso akaziba pua.

"Lo! Jasho gani hilo la wanawake! Hebu zifueni kwanza ndipo mzirudishe. Vijana hawawezi kuvaa uchafu huo." Akamtazama Tabia. "Wewe si dobi? Basi kazi yako hiyo."

Jamani! Mimi nikisimulia hapa mate hunijaa mdomoni. Zilipokuwa zinanuka wao, ni jezi. Zilipotiwa jasho la wanawake walioshinda, ni uchafu.

Tabia akaokota jezi moja moja akazitia ndani ya gunia, taratibu, kama anayehesabu mashuka. Akalibeba. Akatoka nalo mpaka lilipoegeshwa gari la Bwana Masoud, limefunguliwa vioo kwa ajili ya joto. Akazimwaga zote, viti vya mbele na viti vya nyuma, mbichi, na usukani akautandikia ya Mwanakheir. Kisha akavipandisha vioo akafunga mlango, na jua lilikuwa bado kali.

"Hatufui," akasema. "Mlitupa na jasho lenu, zipokeeni na letu."

Mgeni rasmi alikuwa anatazama, soda mkononi. Watu waliangua kicheko, na safari hii hawakuwacheka wasichana.

Lakini mkubwa hachekwi bure. Mechi haikutajwa redioni. Mwalimu Silima akahamishiwa skuli ya shamba, mbali na kiwanja. Wasichana wakaambiwa wangoje wataitwa, wakangoja, hawakuitwa. Mtu akiuliza, huambiwa yale yalikuwa mazoezi tu, hata hayahesabiki. Bi Amne akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu." Tabia akaolewa na Shaame, na lile sharti halikuhitajika tena, kwani mpira wenyewe alikwisha kupokonywa.

Miaka ikapita. Mwaka wa elfu mbili na sita, alasiri moja, Bwana Masoud akaja Jang'ombe kwa miguu. Gari hana tena, tumbo limeteremka. Tabia akamkaribisha barazani kwa sababu mtu mzima hafukuzwi.

"Shikamoo."

"Marahaba, Bi Tabia." Leo kawa Bi Tabia! "Hujambo? Watoto hawajambo?" Akakohoa. "Mpira wa wanawake umerudi, unasikia? Kuna sherehe, watatunzwa walioanzisha. Nshawaambia ni mimi niliyewaanzisha nyinyi. Sasa kuna vijana wanabisha, ati timu hiyo haikuwahi kuwapo, hata picha hakuna. Nimesikia kwamba wewe una kitu."

Ndani ya kifua cha Tabia kulipita yote, gunia, leso, tabasamu. Akainuka, akaingia ndani. Nyumba yake ilikuwa nyeupe pe, sakafu unaweza kulia chakula juu yake. Akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo. Maana siku ile gari lilipata jezi zote isipokuwa moja, namba moja, iliyoondoka Mnazi Mmoja mwilini mwake, chini ya buibui.

Akafungua mafundo. Harufu ikatoka, nzee, ya ukungu na jasho, na nyuma yake udi kidogo. Bwana Masoud akarudisha kichwa nyuma, mkono ukamwenda puani wenyewe.

"Hukuifua? Miaka yote hii? Wewe, Tabia, na kinyaa chako?"

"Sikuifua."

"Basi nipe nikaifulishe, ipigwe pasi, tuitundike siku ya sherehe. Itapendeza!"

"Ukiifua itakuwa yenu tena," Tabia akasema. "Hii ni yetu kwa sababu inanuka. Kawaambie hao wanaobisha waje hapa. Nitawapa wainuse, mmoja mmoja, na nitawaambia ilikuwaje tukaivaa."

Akaufunga mfuko, fundo juu ya fundo. Bwana Masoud akaaga.

Tabia akasubiri mpaka alipopinda kona. Akaurudisha mfuko mahali pake, juu ya kabati, katikati ya mashuka meupe. Kisha akatoka na ndoo, sabuni na ufagio wa chelewa, akapiga magoti, akaisugua baraza pale alipokaa yule bwana, mpaka maji yakawa yanatoka safi.