Mpira Mwembamba wa Mafuta

Mimi na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, tulikuwa tukibeba watu kwa boti pale Ziwa Jipe. Mpira wa kupeleka petroli kwenye injini ulipopasuka, nilikwenda Voi nikanunua wa pikipiki, kwa kuwa ndio niliouona dukani.

Tukienda polepole, injini ilinguruma vizuri. Nikiongeza kasi tu, ilikohoa ikazima. Shemeji alishika pampu ya mkono iliyo katikati ya mpira, akaikuta imenywea.

"Injini ina kiu," akasema. "Tundu la mpira huu ni dogo, mafuta hayafiki ya kutosha."

Tulipiga makasia hadi ukingoni, mikono ikiwaka.

Kesho yake nikarudi Voi na kipande cha mpira wa zamani mfukoni.

"Mama, petroli ni petroli," muuzaji akaniambia, akinisogezea tena mpira wa pikipiki.

Niliuacha hapo mezani. Nilizunguka kwenye jua hadi mtaa wa Kaloleni, hapo hapo Voi, nikapata mpira wenye tundu sawa na lile la zamani.

Tulipoufunga, injini ilishika kasi bila kukohoa. Shemeji akapiga kelele za furaha. Mimi nilikaa tu kwenye ubao, nimechoka hata kutabasamu.